Silinda Niliyoichonga Katandala

Kila nikisikia tupa inakwaruza chuma nyuma ya nyumba ya mtu, mwanangu, inanirudia siku moja ya ujana wangu hapa Katandala, siku dada yangu Gaudensia aliponiuliza swali fupi nikiwa na mikono imejaa oili, nami nikamkasirikia kana kwamba kanitukana mbele za watu.

Nakusikia na wewe siku hizi. Usidhani uzee umeniziba masikio. Unakaa kwenye kigoda asubuhi, silinda ya msumeno wa mnyororo umeibana magotini, simu umeiegemeza kwenye ndoo, unamtazama kijana wa nchi za mbali akipanua matundu ya injini ndogo na kuyasugua mpaka yang'ae. Sikukatazi. Kusema kweli nafurahi, maana nilikwisha kukata tamaa kwamba kazi hii ingepata mtu mwingine baada yetu. Ila huyo kijana wa kwenye simu hajawahi kuteremka mlima wetu wa Lyambalyamfipa hata siku moja. Mimi nimeteremka, na mara ya kwanza niliteremka vibaya. Kwa hiyo zima simu kidogo, itakusubiri, haina pa kwenda.

Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu. Baba yetu alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa matuta yale makubwa ya Kifipa ya kufukia majani ndani yaoze, na alitaka niwe kama yeye. Mimi jembe lilinichosha hata nikiliona limeegemezwa ukutani. Kilichonivuta ni pikipiki. Zamani zile nyingi zilikuwa za tu-stroki, zile ambazo oili unaichanganya na petroli kwenye tangi, zinalia kwa sauti nyembamba na kuacha moshi wa buluu nyuma. Nilikuwa naweza kukaa ndani, nikasikia moja inapita barabarani, nikakwambia ringi za pistoni yake zimechoka. Mama alisema kichwa changu kina nyuki.

Hakuna aliyenifundisha kwa kunishika mkono. Gereji za Majengo nilikwenda, nikasimama, nikafukuzwa, nikarudi. Siku moja nikaokota silinda iliyotupwa, nikaibeba nyumbani, nikaikata katikati kwa msumeno wa chuma ili nione tumbo lake. Ilinichukua muda mrefu na mikono ikaota malengelenge, lakini niliyoyaona mle ndani yalinikosesha raha ya kufikiria kitu kingine. Injini hizi hazina vali kama za magari. Silinda yenyewe ina matundu ubavuni, na pistoni ikipanda na kushuka ndiyo inayoyafunga na kuyafungua. Pale mafuta na hewa vinaingia, huku moshi unatoka. Nikapitisha kidole kwenye njia zile, nikakuta kingo kali, vipele vya chuma, na ngazi mahali ambapo kipande kimoja hakikukaa sawa na kingine. Nikajiambia, kumbe injini hizi zinapumua kwa pua iliyoziba. Nitazizibua mimi.

Basi nikawa natengeneza vifaa vyangu. Tupa nyembamba za mviringo nilizipata kwa fundi wa majiko. Msasa niliuzungusha kwenye kijiti na kuufunga uzi. Nilijifunza kuviringisha karatasi ya mfuko wa saruji ndani ya silinda na kuisugua kwa kidole chenye masizi, mpaka alama za matundu zitokee juu ya karatasi. Ukiitoa na kuitandika mezani unaona matundu yote yalivyokaa, kama ramani. Hiyo njia usiiache mpaka leo, hata kama simu inakuonyesha vyombo vya umeme. Nilichonga silinda ya pampu ya maji ya jirani, ikavuta vizuri. Nikachonga ya msumeno wa mpasua mbao mmoja, naye akanisifu kilabuni. Sifa za kilabuni, mwanangu, zilinipanda kichwani upesi kuliko pombe yenyewe.

Sasa nikutajie shemeji yangu. Aliitwa Leonsi, mume wa Dada Gaudensia, mtu wa bondeni, mpole, mwenye kucheka kwa kutikisa mabega bila kutoa sauti. Kwao ni kule chini karibu na Ziwa Rukwa, lakini baada ya kuoa alihamia hapa juu kwetu, na kazi yake ikawa kupandisha samaki na mchele kutoka bondeni kuja soko la Majengo. Alikuwa na pikipiki moja ya tu-stroki, na nyumba nzima ilikula kwa pikipiki ile. Taabu yake ilikuwa mlima. Unaujua wewe mlima ule, ukitoka Ntendo barabara inaanguka kuelekea Muze kona baada ya kona, juu unavaa koti na chini unavua hata shati. Kushuka ilikuwa rahisi. Kupanda na mzigo, pikipiki ilikata pumzi katikati, ikabidi Leonsi ashushe kapu moja la samaki, apande na la kwanza, alifiche kwenye majani, arudi kulifuata la pili. Samaki wa kapu la pili alifika Majengo ananuka.

Mwaka ule Dada alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, wa kike. Mama yake Leonsi kule bondeni hakuwa amemwona mjukuu. Miguu ilikuwa imemharibikia, hawezi kupanda mlima hata kwa lori, na kila mtu aliyepita alikuja na salamu zake, lini mtaniletea mtoto. Ilikuwa masika, barabara imekuwa uji, ikabidi wasubiri ikauke. Leonsi hakuwa na safari, pikipiki imelala. Nikaona bahati yangu imejileta.

"Shemeji," nikamwambia, "niachie hiyo injini. Ukija kuishika tena utapanda kutoka Muze na makapu yote mawili, utafika Ntendo samaki bado anachezesha mkia."

Leonsi akacheka kwa mabega. Akasema, "Chukua. Lakini ujue hilo ndilo jembe langu."

Nilisikia alichosema. Ila moyoni nilikuwa nimekwisha kuifungua.

Niliifanyia kazi uani, juu ya mlango mbovu nilioutandika kuwa meza. Nikachonga tundu la kutolea moshi likawa kubwa na la juu kidogo. Nikachonga la kuingizia mafuta. Kisha nikashika msasa, nikaanza na ule wa kukwaruza, nikashuka kwenye laini, nikamalizia na kitambaa na majivu yaliyochekechwa. Nikang'arisha kila mahali, ndani na nje, hata mahali ambapo hapakuhitaji. Ulikuwa ukichungulia kwenye tundu la kuingizia mafuta unaona meno yako. Watu walikuja kutazama. Baba mwenyewe alisimama pale, akashika silinda, akaigeuza geuza, akasema imependeza, na baba hakuwa mtu wa kusema kitu kimependeza.

Nikaifunga, nikaanza kurekebisha kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Hapa juu kwetu hewa ni nyepesi. Ndiyo maana wageni kutoka pwani wakifika Sumbawanga wanahema wakipanda ngazi. Injini nayo ni hivyo hivyo, haipati hewa ya kutosha, kwa hiyo petroli inazidi na pikipiki inakohoa. Nikaibana petroli kidogo kidogo. Nilifungua plagi, nikautazama mdomo wake, nikaukuta na rangi nzuri ya kahawia, kama ulezi uliokaangwa. Fundi yeyote angekwambia hiyo ndiyo rangi ya afya. Nikawasha, nikatoka nayo.

Mwanangu, iliruka. Nilipita Majengo washikaji wakageuka wote. Nikaenda mpaka nje ya mji kwenye barabara ya Namanyere, nikafungua mkono wa petroli wote, upepo ule wa baridi unanichoma usoni, machozi yananitoka, nami nacheka peke yangu kama kichaa. Nilikuwa najiona mtu. Nakwambia hili kwa sababu furaha ile ilikuwa halali yangu, nilikuwa nimeifanyia kazi, na hata leo sioni aibu nayo.

Nikarudi nyumbani. Dada Gaudensia alikuwa uani anapepeta ulezi, mtoto mgongoni. Nikazima pikipiki mbele yake nikingoja sifa. Dada yangu alikuwa mkubwa wangu kwa miaka mingi, alinibeba mgongoni kabla ya huyo mtoto wake, na hakuwa na desturi ya kunibembeleza.

"Umeijaribu wapi?" akauliza, ungo haukusimama.

"Katandala yote, Dada. Majengo. Nimetoka mpaka barabara ya Namanyere. Waulize watu."

"Leonsi anafuata samaki Majengo?"

Nikajifanya nafuta vumbi kwenye tangi.

"Nakuuliza, Wense. Mume wangu anakwenda wapi na hiyo pikipiki?"

"Bondeni."

"Umeshuka nayo?"

Nikamwambia injini ni injini, ikikimbia hapa itakimbia popote, na kwamba mambo haya yeye hayajui, aniachie mwenyewe. Akaweka ungo chini. Akanitazama, na mtoto naye akachungulia kupitia bega lake, wote wawili wakinitazama kwa macho yale yale.

"Barabara imekauka, Jumamosi tunakwenda kwa mama mkwe. Mimi na huyu tutakuwa nyuma ya Leonsi. Mambo ya injini siyajui, kweli. Lakini kabla sijaweka mwanangu juu ya hicho kitu, utashuka nacho wewe."

Ilinikera, wacha tu. Kazi yangu imesifiwa na mafundi, halafu mtu wa kupepeta ulezi anaitilia shaka! Kesho yake asubuhi nikaondoka bila kuaga, nimenuna, nimepanga nishuke haraka, nigeuze, nirudi nimwambie nimeshuka, una lingine?

Kutoka Ntendo nikaanza kuteremka. Nilifanya kama wafanyavyo wote kwenye mlima ule, mpaka leo wanafanya hata wenye pikipiki za kisasa. Nilifunga mkono wa petroli kabisa nikaiacha gia ishikilie, injini inazungushwa na tairi tu, nabana mafuta. Kona ya kwanza, ya pili, zikaendelea. Bonde likafunguka chini yangu, mashamba ya mpunga, na ziwa mbali likimetameta. Joto likaanza kupanda miguuni. Nikafungua zipu ya koti. Injini ilikuwa kimya kimya, inanong'ona, na mimi nikadhani inapumzika.

Nilipofika chini barabara ikanyooka. Nikasema sasa nimwonyeshe dada yangu, ingawa hakuwepo. Nikafungua mkono wote. Ikavuta kwa nguvu ambayo hata juu haikuwa nayo, sauti ikapanda, ikawa nyembamba, ikanyooka kama uzi. Kisha ikakatika. Tairi la nyuma likakaza palepale, pikipiki ikalala ubavu, nami nikaburuzwa nayo kwenye mchanga mpaka kwenye uzio wa miti wa shamba la mtu.

Nilikaa pale chini. Kiwiko kilikuwa kimechubuka, suruali imepasuka, zaidi ya hapo sikuumia. Nikaitazama alama ya tairi kwenye mchanga, mstari mrefu uliopinda. Nikafikiria mtu aliyeketi nyuma na mtoto mgongoni. Mtu wa hivyo akianguka anaangukia mgongo.

Mwenye uzio akaja taratibu kutoka shambani, jembe begani, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani. Jina lake Mzee Kastori. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umevunjika?"

"Hapana, baba."

"Basi njoo ule. Mke wangu, Mama Oresta, amekwisha kuongeza mchele kwenye chungu."

Nikamwuliza amejuaje kwamba nakuja. Akanijibu bila hata kutabasamu. Kumbe kila mara yeye akiwa shambani huwasikia watu wa juu wakiteremka. Wakiwa mlimani injini inanyamaza. Wakigusa tambarare wanafungua kama mbuzi waliokatiwa kamba. Ule mlio ukiwa mnene, wanapita salama. Ukiwa mwembamba na kunyooka, anampigia kelele mkewe kwamba leo kuna mgeni.

"Sijui wanakosea nini," akasema. "Mimi ni mkulima wa mpunga. Ila nyie wa juu mnapenda sana kufia kwenye uzio wangu."

Nilikula wali wake na samaki, nikiwa na aibu lakini njaa ilikuwa kubwa kuliko aibu. Kisha nikaomba nafasi kivulini, nikatoa spana zangu, nikaifungua injini pale pale. Nilitoa plagi kwanza. Ule mdomo uliokuwa na rangi ya ulezi wa kukaanga ulikuwa mweupe kama chokaa. Nikatoa silinda. Pistoni ilikuwa imekwaruzwa upande wa kutolea moshi, mistari mirefu, na chuma chake kimepakaa kwenye ukuta wa silinda yangu iliyong'aa. Nilikaa na kile kipande mkononi mpaka chai ikaja na kupoa.

Kidogo kidogo nikaelewa, na hakuna aliyeniambia. Kule juu niliipimia petroli ya hewa nyepesi. Huku bondeni hewa ni nzito, injini inavuta hewa nyingi kuliko nilivyohesabu, na petroli ni ile ile ndogo niliyoibana. Ikaungua kavu, ikachemka. Tena injini hizi oili yake inapita ndani ya petroli. Nilipofunga mkono mlima mzima nilikuwa nimeinyima petroli na oili kwa pamoja, pistoni inasugua kavu kuanzia juu mpaka chini, halafu nikaidai nguvu zote kwa ghafla. Na lile tundu la moshi nililolipandisha lilikuwa limeipa injini mbio za barabara ya Namanyere, wakati Leonsi alihitaji nguvu ya kutambaa na makapu mlimani. Nilitengeneza pikipiki ya mtu mwingine kabisa, mtu wa kuzunguka Majengo akitazamwa. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilirudi juu na lori la mchele, pikipiki imelazwa juu ya magunia. Leonsi alipoiona hakucheka. Alizunguka mara moja, akashika tairi la nyuma, likakataa kuzunguka, akaingia ndani. Dada alibaki. Nilitegemea maneno, tena nilikuwa nayataka, yangenipunguzia mzigo.

"Ilikuwa wapi?" akauliza.

"Chini kabisa. Kwenye tambarare."

"Ikashika ghafla?"

"Ghafla, Dada. Nikaburuzwa."

Akamtoa mtoto mgongoni, akampakata, akakaa kwenye kizingiti cha mlango. Mimi nilianza kulia, kijana mzima mwenye ndevu, mbele ya ua ambao juzi yake ulijaa watu wa kunisifu. Akaniacha nilie. Nilipomaliza akasema, "Itengeneze. Halafu utashuka tena."

Sikutegemea neno lile. Nilitegemea anikataze kugusa chuma maisha yangu yote, na naamini kama angenikataza ningekubali, leo ningekuwa nachimba matuta na kuyachukia. Lakini alisema itengeneze. Leonsi alikwenda Namanyere kwa jamaa yake aliyekuwa na pikipiki ya aina ile iliyokufa zamani, akaja na silinda na pistoni yake. Akaniwekea mezani, akakaa pembeni kunitazama. Kuanzia siku ile sikufanya kazi peke yangu. Kila nilipotaka kuchonga mahali, alikuwa akiniuliza hapo kuna nini, nami nilipokosa jibu niliweka tupa chini.

Mara ya pili nilichonga kidogo sana. Chuma ukikitoa huna njia ya kukirudisha, kwa hiyo nilipiga ramani ya masizi, nikatazama, nikapiga nyingine, ndipo nikagusa. Niliondoa vipele na ngazi tu. Tundu la moshi sikulipandisha, nililisawazisha na kuling'arisha, maana moshi unapenda njia laini na masizi hayagandi. Njia ya kuingizia mafuta niliiacha kama tupa ilivyoiacha, na ukwaruzo wake, kwa sababu petroli ikipita mahali palipong'aa sana inatambaa ukutani kama jasho badala ya kuchanganyika na hewa. Kingo za kila tundu nikazilaza, ringi isije ikanasa. Kwenye kabureta nikaweka jeti kubwa zaidi, kile kijitundu cha shaba cha kupitishia petroli, nikajua kabisa kwamba hapa juu pikipiki itatoa moshi na kukohoa asubuhi. Washikaji wa Majengo wangecheka. Wacheke. Nilichagua ikohoe kwetu kuliko ikauke bondeni.

Siku ya kushuka, Dada akatoka na gunia la mahindi. Akataka nilifunge nyuma, mahali atakapokaa yeye. Nikalifunga. Akalitazama, akasema, "Mimi ni mzito kuliko hilo," akaenda kuleta debe la maharage tukaongeza. Leonsi mabega yakaanza kutikisika, na hapo nikajua tumesameheana.

Niliteremka polepole. Kila baada ya kona chache nilishika klachi na kuifungulia injini kidogo, inywe, ndipo niendelee. Kwenye tambarare sikufungua mkono wote mpaka nimekwenda mwendo mrefu, na nilipofungua, mlio ulikuwa mnene. Nikapita uzio wa Mzee Kastori nikimpungia mkono, yeye kasimama na jembe, anasikiliza. Mbele kidogo nikasimama, nikatoa plagi ikiwa bado moto. Ulezi wa kukaanga. Nikageuza nikarudi kwake, safari hii kwa hiari yangu, si kwa kuburuzwa, na Mama Oresta akalalamika kwamba leo hawakumwambia aongeze mchele. Tulikula hivyo hivyo, tukagawana. Jioni nikapanda mlima mzima na lile gunia na lile debe, sikushusha kitu.

Jumamosi ikafika. Leonsi amewasha, moshi wa buluu umejaa uani, majirani wanakohoa. Dada amejifunga mtoto vizuri na kanga mbili. Hakuitazama pikipiki kabisa. Alinitazama mimi.

"Umeshuka nayo?"

"Nimeshuka, Dada."

"Na kupanda?"

"Na kupanda."

"Haya," akasema, akapanda.

Walipotea kwenye kona ya barabara nikabaki nimesimama, mikono haijui pa kwenda. Sikuweza kula mchana. Sikufungua spana. Waliporudi, wakiwa watatu kama walivyoondoka, mtoto ana ushanga mpya kiunoni kutoka kwa bibi yake, nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga ishara ya msalaba na kukaa chini kwa muda. Nimetengeneza injini nyingi baada ya ile, mwanangu, na nyingine zilikuwa nzuri zaidi. Hakuna iliyonilipa kama ile "Haya" ya dada yangu.

Basi sikiliza nikwambie nilichobaki nacho. Endelea kuchonga. Tazama simu, uliza, kata silinda mbovu uone ndani, haribu za kwako kabla hujagusa ya mtu. Usiogope kuharibu, kuogopa kumewaua mafundi wengi kuliko makosa. Lakini mtu akikuletea injini yake, usiulize kwanza inakwenda mbio kiasi gani. Mwulize anakwenda nayo wapi, anabeba nini, na nani anakaa nyuma yake. Hiyo silinda ya msumeno uliyobana magotini, mwenye nayo anapasulia mbao wapi? Kama ni huku juu kwenye baridi, sawa. Kama ni bondeni, panda gari uende nayo, ukate gogo moja mwenyewe, jasho likutoke kule kule litakakomtoka yeye. Ukirudi ndipo useme imekwisha. Na ukikosea, kama utakavyokosea, usiache kazi. Itengeneze, halafu ushuke tena.

Na sifa usizikatae, zinaongeza damu. Ila anayekusifu hapandi. Mtazame yule anayepanda.

Mungu wa wazee wetu akulinde mikono na macho yako. Akupe riziki ya tupa na msasa, ule na wanao bila kumwogopa mtu. Na akujalie, mwanangu, katika nyumba yako awepo mmoja asiyejua lolote la injini, asiyekuonea haya wala kukuogopa, wa kukuuliza umeshuka nayo. Na kila atakapokuuliza, Mungu akujalie uwe umeshuka.